Tuondoeje nailoni kantini ya shule bila kuwaumiza mama lishe?

*"Mimi ni mwalimu wa afya na mazingira katika shule ya msingi iliyopo Ilemela, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Hatuna bwalo. Tuna banda la kantini ambamo akina mama wanne huuza uji, maandazi, chapati, wali maharage, mihogo ya kukaanga, karanga na barafu. Kwa siku watoto kama 400 hununua kitu, na karibu kila kitu hutiwa kwenye kifuko cha nailoni. Mvua ikinyesha vifuko vyote vinashuka mtaroni. Mwalimu mkuu anataka tupige marufuku plastiki yote kuanzia Jumatatu. Akina mama wanasema basi watafungia magazeti. Mjumbe mmoja wa kamati ameleta sampuli ya maboksi ambayo anasema yanaoza yenyewe. Mzazi mwingine anadai wali wa moto kwenye nailoni unaleta saratani. Na mimi nina hofu yangu: tukirudi kwenye vikombe na sahani za kuosha, kipindupindu kikiingia tutamjibu nani? Tuanzie wapi?"*

Mwalimu, pole na kazi, na asante kwa kuuliza kabla Jumatatu haijafika. Ndani ya swali lako kuna mambo matatu yaliyoshikana: afya ya watoto, taka zinazoshuka ziwani, na riziki ya akina mama wanne. Mkitatua moja na kuyasahau mengine mawili, nailoni itarudi baada ya wiki chache, safari hii ikiwa imefichwa chini ya kanga.

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitaeleza sababu. Msihangaike kutafuta kifuko kingine cha kuchukua nafasi ya hicho mlicho nacho. Watoto wenu wananunua na kula hapohapo shuleni, hatua chache kutoka bandani. Chakula kinacholiwa hapohapo hakina haja ya kufungwa. Kinahitaji sahani, kikombe, na mahali pazuri pa kuviosha. Fedha na nguvu za kamati zielekezwe huko, mkianza na vyakula vya moto. Karanga na barafu zitafuata baadaye, kwa utaratibu wake.

Sasa tuongee kuhusu saratani, maana ndilo neno linalosambaa haraka kuliko yote. Mtoto aliyekula wali wa moto kwenye nailoni jana hajanyweshwa sumu, na hakuna daktari anayeweza kumwonyesha mzazi kwamba kifuko fulani ndicho kilichomletea mwanawe ugonjwa fulani. Kwa hiyo tusiwatishe wazazi kwenye kikao. Hata hivyo mzazi huyo ana hoja, ila ameivuta mbali mno. Vifuko vile laini hutengenezwa kwa polithini, na kiwandani huongezewa kemikali nyingine: za kuvifanya viteleze visigandane, za kuvikinga visichakae mapema, na za rangi. Kemikali hizo hazijafungwa imara ndani ya plastiki. Zinaweza kuhamia kwenye chakula, na mambo matatu huziharakisha: joto, mafuta na muda. Ushahidi wa kwamba mafuta na plastiki hupeana vitu uko jikoni kwako. Weka mchuzi wa binzari kwenye kontena la plastiki hadi kesho, kisha lioshe. Ule umanjano hautoki, kwa sababu mafuta yameingia ndani ya plastiki yenyewe yakiwa na rangi. Kama kitu kinaweza kuingia, kingine kinaweza kutoka.

Mafuta ya kukaangia maandazi hufika kati ya nyuzi joto 170 na 190. Polithini laini huyeyuka karibu na nyuzi 110, na huanza kulegea kabla ya hapo. Simama bandani asubuhi uangalie andazi linapotolewa karaini na kutumbukizwa kwenye kifuko papo hapo: utaona nailoni inajikunja, inang'ang'ania upande wenye mafuta, na ukiivuta inaacha utando. Hicho ndicho cha kuondoa kwanza. Karanga zilizopoa, zilizokaa kwenye kifuko kwa dakika kumi, hazina hatari ya kiwango hicho hata kidogo. Marufuku inayoweka karanga na wali wa moto kwenye kapu moja inawachosha watu kwa jambo dogo, kisha kubwa linapita bila kuguswa.

Na kabla hujaangalia kinachotolewa dirishani, ingia jikoni kwenyewe. Kuna mambo mawili ambayo nimeyaona karibu kila banda nililokagua, na hayatajwi kwenye vikao. La kwanza ni kufunika wali, ugali au viazi kwa nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Hapo plastiki inakaa juu ya chakula chenye mvuke kwa nusu saa au zaidi, na matone yanarudi chunguni. Ndugu zetu wa Bukoba hufunika ndizi kwa majani ya mgomba na chakula kinaiva vizuri kabisa. Majani hayo Mwanza yanapatikana. Yaoshwe vizuri, yapitishwe motoni kidogo yalainike. Mfuniko mzito unaobana, na kitambaa safi chini yake, nao unafanya kazi hiyohiyo. La pili ni kuwashia mkaa kwa nailoni au kipande cha chupa. Moshi ule mweusi unamfikia mama aliyeinama jikoni kabla haujamfikia mtu mwingine yeyote, kisha masizi yake yanatua kwenye sufuria. Vumbi la mbao, vijiti vikavu au maganda ya mahindi vinatosha.

Hapohapo jikoni kagua ndoo pia. Ndoo iliyowahi kubeba rangi ya ukutani haifai kuwekwa uji wala maandazi, hata ikisuguliwa mpaka ing'ae. Haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na hakuna sabuni inayotoa kilichokwisha kunywewa na plastiki. Chupa za maji za kunywa nazo zisitiwe uji au chai ya moto. Plastiki yake huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi, ndiyo maana chupa hujikunyata ukiijaza chai.

Tuje kwenye ziwa. Wengi wetu tunaona kifuko kizima kikielea na tunadhani hilo ndilo tatizo. Mimi nakuomba utafute kitu kidogo zaidi. Mtoto anaponunua barafu huing'ata pembe ya kifuko, anaitema, kisha anaanza kufyonza. Ile pembe, kipande kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, haiokotwi na mtu yeyote. Fagio la chelewa linaipita, usafi wa asubuhi unaipita. Zunguka banda la kantini ukiwa umeinama na utaikuta kwa mamia, imeshindiliwa kwenye udongo. Mwanza ni mji wa miinuko na mawe: mvua ya nusu saa inasomba kila kilicho chepesi hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi kwenye kijito, na vijito vyetu vyote, pamoja na Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji, mwisho wake ni ziwani. Njiani vile vifuko vikubwa huziba makalavati, na maji yanayotuama huko ni mazalia ya mbu.

Plastiki ikishafika majini haiozi. Vijidudu vinavyomaliza ganda la ndizi kwa wiki chache havina uwezo wa kuitafuna polithini. Kinachotokea ni kwamba jua linaifanya ikauke na kukatika, vipande vinazaa vipande, hadi vinakuwa vidogo kiasi cha kumezwa na samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza matumbo ya sangara na sato walionunuliwa sokoni hapahapa Mwanza, na katika kila aina samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Walichunguzwa samaki 20 wa kila aina, kwa hiyo ni picha ya mwanzo na tusiitangaze zaidi ya uzito wake. Sangara na sato tunawatoa matumbo kabla ya kupika, na hiyo ni nafuu. Dagaa je? Dagaa tunamla mzima, na ndiye mboga ya watoto wetu. Shule iliyopo Ilemela ina sababu ya kulijali hili kuliko shule iliyo mbali na maji.

Fanyeni hesabu hii ubaoni pamoja na wanafunzi wa darasa la sita. Mwaka wa masomo una siku 194. Watoto 400, kila mmoja kifuko kimoja tu kwa siku: vifuko 77,600 kwa mwaka kutoka shule moja. Anayenunua uji na barafu anatoa viwili.

Nimesikia shule zikisema kwamba wao hukusanya vyote na kuvichoma shimoni, na mambo yameisha. Hayajaisha. Moto wa shimo la taka hauna joto la kutosha kuiunguza plastiki ikaisha. Unatoa masizi na gesi zinazoumiza mapafu, na kwenye rundo lenye plastiki za aina nyingine zenye klorini, kama vipande vya mabomba au ngozi bandia, hutoka pia dayoksini, ambazo ni sumu kali. Mtoto mwenye pumu anayesoma darasa lililo upande upepo unakoelekea ndiye anayelipa. Wengine wanategemea wanaonunua plastiki kwa kilo. Hao wananunua chupa na ndoo zilizopasuka. Kifuko chembamba chenye mafuta ya chapati hakina mnunuzi, kwa sababu gharama ya kukiosha inazidi thamani yake.

Kuhusu sheria, mwalimu mkuu yuko sahihi kwa sehemu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Kanuni hizo ziliacha nafasi kwa vifungashio vya bidhaa, zikiwemo za viwanda vya vyakula. Nafasi hiyo ndiyo iliyotumiwa vibaya: vifuko vyembamba visivyo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora vikageuka kuwa vibebeo, na mwaka 2021 serikali ikavikataza navyo. Kwa hiyo biskuti iliyofungwa kiwandani haina kosa. Kifuko kisicho na maandishi ambacho mama anatilia mihogo kina kosa. Waelezeni akina mama hili kwa utulivu. Wengi wao hawajui tofauti hiyo, kwa sababu dukani vinauzwa waziwazi.

Sasa tupime hayo mliyopendekezewa.

Gazeti, hapana. Najua limezoeleka, na hata kurasa za madaftari na mitihani ya zamani hukunjwa kuwa koni za karanga. Wino wa gazeti una mafuta ya madini na rangi ambazo hazikukusudiwa kuliwa, na andazi lenye mafuta ya moto huziyeyusha kwa urahisi. Funga andazi kwenye gazeti kwa dakika tano, kisha lisome: herufi ziko kwenye andazi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya India iliwaonya wananchi wake mwaka 2016 waache kufungia chakula kwenye magazeti kwa sababu hiyohiyo. Daftari lililotumika limeshikwa na mikono mingi, na hiyo ni shida nyingine juu ya ile ya wino.

Ile mifuko mbadala iliyoenea baada ya 2019, inayoonekana kama kitambaa, wengi wanaamini ni nguo. Ni plastiki ya polipropilini iliyosokotwa bila kufumwa. Kwa kwendea sokoni mara nyingi inafaa. Kwa chakula cha moto haifai, na ikichakaa inamwaga nyuzi za plastiki kama wenzake.

Maboksi yanayooza yenyewe yananipa wasiwasi zaidi, kwa sababu yanauzwa kwa ahadi nzuri. Yako ya namna mbili. Ya kwanza ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya ikatike haraka juani, maana yake inafika kwenye vile vipande vidogo mapema zaidi. Ya pili hutengenezwa kwa wanga wa mimea, na kweli huoza, lakini kwenye mitambo maalumu inayoshikilia joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Shimo la shule halifikii hapo, dampo la Buhongwa halifikii hapo, na maji ya ziwa ndiyo kabisa. Mwulize huyo mjumbe swali moja: yanaoza wapi, na kwa muda gani? Kama muuzaji hana jibu la maandishi, rudisheni sampuli. Maboksi meupe mepesi ya chipsi msiyaguse kabisa kwa chakula cha moto. Hulegea kwenye joto la maji yanayochemka, na yakivunjika yanakuwa punje zinazopeperuka kila mahali.

Karatasi ya kaki isiyo na maandishi nakubaliana nayo, kwa vitu vikavu na vilivyopoa: karanga, bisi, andazi lililochujwa mafuta. Ina gharama, na ikilowa haifai. Vikombe vya karatasi viacheni, vingi vina utando wa plastiki ndani.

Kinachobaki ni vyombo vya kurudishwa, na hapa ndipo ningependa tutulie, kwa sababu ndipo mpango mzima utasimama au kuanguka.

Kwa uji na chai, vikombe vya chuma kisichoshika kutu au vya bati lenye enameli. Vya enameli vikimenyeka ndani vitolewe. Kwa wali, sahani za chuma za kina kidogo, zinazopangika moja juu ya nyingine. Sahani za melamini ni nyepesi na zinapendwa, lakini hazifai kwa vitu vya moto sana na vyenye uchachu, kama mchuzi wa nyanya unaotoka jikoni, na zikichanwa na visu au steelwire hushika uchafu. Mkiwa nazo tayari, zitumieni kwa mihogo na chapati iliyopoa. Andazi halihitaji sahani: mama alishike kwa koleo, mtoto alipokee kwa mkono uliooshwa kwenye kibuyu chirizi chenye sabuni kando ya banda. Kibuyu hicho, pamoja na mtu wa kuhakikisha kina maji kila siku, ni muhimu kuliko bango lolote la mazingira mtakalochora ukutani.

Vingapi? Shule nyingi hununua vichache ili kuokoa fedha, kisha wakati wa mapumziko wanaviosha harakaharaka kati ya mtoto mmoja na mwingine, ndani ya beseni moja la maji yaliyokwisha kuwa ya kijivu. Hapo ndipo hofu yako ya kipindupindu inapokuwa ya kweli kabisa. Ni heri mwanzo muwe na vyombo vya uji na wali tu, lakini vinatosha kila mtoto apate chombo kilichooshwa mapema, na uoshaji wote ufanyike baada ya kengele. Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, anzeni na vikombe vya uji. Wali ufuate muhula unaokuja.

Kuhusu kipindupindu chenyewe, niruhusu nisahihishe dhana moja kwa upole. Tunaona kifuko kama kitu safi kwa sababu ni kipya. Mwangalie muuzaji anavyokifungua: analamba kidole ili ashike ukingo, au anakipuliza kwa mdomo kikatunuka, kisha anatia chakula. Kifuko kipya hakimkingi mtoto na mikono ya anayehudumia. Kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara huingia kwa maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi, na dawa yake ni maji salama, mikono safi, choo, na vyombo vilivyooshwa inavyotakiwa.

Uoshaji huo uende hivi. Mabaki yakwanguliwe kwanza kwenye ndoo yenye mfuniko, anayefuga atayachukua. Beseni la kwanza liwe na maji ya moto kadiri mkono unavyovumilia, pamoja na sabuni. La pili ni maji safi ya kusuuza. La tatu ni maji yenye klorini: kwa dawa ya maji ya kuondoa madoa yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato, vijiko vinne vya chakula kwenye ndoo ya lita 20 vinatoa kiwango cha karibu miligramu 100 kwa lita. Soma kibandiko, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Chombo kikae humo dakika mbili, kisha kipangwe kichanjani kikiwa kimeinamishwa, kikauke chenyewe kwa jua na hewa. Kisifutwe kwa kitambaa, maana kitambaa kile kimoja kinagusa vyombo vyote mia nne. Klorini hufanya kazi kwenye chombo kilichokwisha kuwa safi. Ukitumbukiza sahani yenye mafuta, dawa inaishia kupambana na mafuta na vijidudu vinabaki salama. Ndiyo maana mpangilio wa mabeseni haubadilishwi, na maji ya beseni la kwanza yamwagwe mara yanapoanza kuwa na utando.

Maji yatoke bombani na yahifadhiwe kwenye simtanki lenye mfuniko kwa siku za mgao. Tafadhali msiwatume watoto kuosha vyombo ziwani, hata kama ziwa liko mita mia moja kutoka shuleni. Zaidi ya uchafu, kuna kichocho kando ya ziwa letu, na mtoto hukipata kwa kusimama tu kwenye maji yenye konokono wanaokibeba. Wala uoshaji usigeuzwe kuwa zamu ya wasichana wa darasa la saba wakati wenzao wako kwenye kipindi. Mlipeni mtu mzima.

Mtamlipa kwa fedha ipi? Tukae sasa na akina mama, ambao nadhani hawajaulizwa bado. Mwulize kila mmoja anatumia shilingi ngapi kwa wiki kununua vifuko. Zidisha kwa wiki za muhula, jumlisha wote wanne. Fedha hiyo leo inaishia mtaroni. Ikichangwa mahali pamoja inaweza kubeba sehemu ya malipo ya mwoshaji, sabuni na klorini. Haitatosha peke yake, na sitaki kukudanganya: muhula wa kwanza utagharimu zaidi ya ilivyo sasa, kwa sababu vyombo hununuliwa kwa mkupuo. Kamati inaweza kupunguza kodi ya banda kwa muhula huo, au vyombo viwe mali ya shule na si mzigo wa mama mmojammoja. Wapeni muda wa kumaliza akiba ya vifuko waliyonunua, kwa vitu vikavu pekee, lakini kwa chakula cha moto msisubiri. Akina mama wakijiona wamo kwenye mpango, wao ndio watakaomrudisha mtoto aliyekimbia na kikombe.

Kwa sababu watoto watakimbia na vikombe. Vipigeni alama ya shule, tengeni eneo moja la kulia lenye njia moja ya kutokea, na muwe na kiranja wa kupokea vyombo. Kuwatoza watoto amana ya fedha sikushauri. Mtoto asiye na shilingi hamsini ya ziada atakosa uji.

Barafu ndiyo ngumu, nakiri wazi. Inapendwa, ina faida kwa muuzaji, na joto la Mwanza linaisaidia. Njia inayowezekana ni kuuza juisi baridi kutoka kwenye jagi lenye bomba na mfuniko, kwa vikombe vilevile vya uji. Wapo wanaogandisha kwenye vikombe vidogo vya chuma na kumtolea mtoto kwenye kikombe chake. Inayeyuka upesi na inahitaji jokofu lenye nafasi. Kwa vyovyote maji yake yachemshwe kwanza, kwa sababu kugandisha hakuui vijidudu vya kuhara kwa uhakika. Kama hamuwezi kuibadilisha muhula huu, basi walau muuzaji aikate pembe kwa mkasi mwenyewe na kuitupa kwenye kopo lake, mtoto apokee barafu iliyokwisha kufunguliwa na kifuko kirudi kwenye ndoo palepale. Hilo linawezekana hata kesho, na litaondoa vile vipande vinavyoshinda fagio.

Wazazi wanaowafungashia watoto chakula waambiwe tu kwamba kontena la chuma ni bora, na kama ni la plastiki, chakula kipoe kwanza na kontena liwe lile lililotengenezwa kwa chakula. Lenye namba 5 chini yake hustahimili joto kuliko mengine. Kopo la siagi lililokwisha si la wali wa moto.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, na hapo uende kwa mtu ana kwa ana. Kabla hamjaanza, mwite afisa afya wa kata aje aone banda, mtaro, choo na mahali mtakapooshea. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema panafaa. Mwombe pia aangalie kadi za afya za akina mama, kwa sababu wanaoandaa chakula hupimwa kila baada ya miezi sita. Kama maji yenu ni ya kisima au simtanki lina harufu, yapelekeni maabara ya maji ya serikali hapo Mwanza kabla ya kuyatumia kusuuzia. Mkiuziwa vifungashio vyenye madai msiyoyaelewa, ofisi za kanda za TBS (Shirika la Viwango) na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) ziko jijini, pelekeni sampuli. Na kama mtoto anaharisha maji mengi yanayofanana na ya kuoshea mchele, au watoto wawili watatu wanaharisha siku moja, msisubiri kikao: apewe maji yenye chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini huku akipelekwa kituo cha afya, kantini isimamishe huduma, na afisa afya apigiwe simu siku hiyohiyo.